Maili Elfu Nne Hadi Mwanandani

Bi Khamisa aliaga dunia Msambweni siku ya Jumatano baada ya alasiri, mwezi wa Januari, mwaka wa pili wa uhuru. Wasia wake ulikuwa mmoja: mwanawe Abdulkadir, aliyekuwa akisoma London, ashuke kaburini na kumlaza kwa mikono yake. Mumewe, Mzee Makame, alikuwa amemwahidi.

Alhamisi asubuhi ikafika simu ya maandishi: kijana angepanda ndege adhuhuri ile. Makame akamwita Makau, mwalimu wa shule, aje na atlasi. Makau akatandaza uzi kutoka London hadi Nairobi, akaupima.

"Maili elfu nne na zaidi, mzee. Adhuhuri yao ni saa tisa yetu. Nairobi atashuka usiku wa manane, Mombasa asubuhi. Hapa, adhuhuri ya kesho."

"Kivuko cha Likoni umekihesabu?" akauliza Zahoro, ndugu wa marehemu. "Ataruka nusu ya dunia kwa siku moja, kisha kivuko kimle nusu siku."

Hakuna aliyecheka. Joto la kaskazi lilikuwa limeshakibana chumba kile chenye moshi wa udi, na maiti hangojeshwi.

"Tutamzika leo, saa kumi na moja," alisema Makame.

"Na wasia, shemeji?"

"Nitaulizwa mimi."

Walishuka wawili, Makame na Zahoro, maana hapakuwa na mwanamume mwingine aliye halali kumgusa. Watu wakatandaza shuka juu ya kaburi kumsitiri, na mle ndani pakawa kiza. Makame alishika mabega, Zahoro kiuno. Miguu ilipaswa kulegea, haikulegea. Mtu alikuwa ameishika, akihema kama aliyekimbia mbali. Wakamwingiza mwanandani, shimo dogo la ubavuni mwa kaburi. Shuka ilipoondolewa, walikuwa wawili.

Makame alisoma Yasini hadi sauti ikamkauka, akijiuliza ni mkono wa nani aliouachia umguse mkewe.

Ijumaa, baada ya sala, Abdulkadir akafika, suti yake imejaa vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hamkuningoja."

"Hatukukungoja."

"Nani alimlaza?"

"Tulishuka wawili," alisema Makame. "Kule chini tulikuwa watatu."

Zahoro akainamisha kichwa.

Kijana akaketi mkekani. "Juu ya milima yenye theluji nilisinzia, baba. Abiria wa kando akaniamsha. Alisema nimenyoosha mikono, nanena Kiarabu kwa sauti. Nilikuwa nikisema, Bismillahi wa ala millati rasulillah."

Ndiyo maneno ya anayemlaza maiti.

"Saa ngapi?" akauliza Makame.

"Saa nane, kwa saa ya London."

Makau, aliyekuja kuhani msiba, alianza kujumlisha kwa vidole saa tatu za tofauti, akafika cha tatu, saa kumi na moja, akakunja ngumi. Makame aliitazama mikono ya mwanawe muda mrefu, na hakuthubutu kuigusa.