Kofia Nyeupe

Siku ya kwanza ya mashindano Mama Sauti alifika uwanjani mapema, akafuta kipaza sauti kwa spiriti kwa sababu aliyekitumia jana yake alikuwa na mafua, akavuta kiti hadi pembe ya hema ambako kivuli kingemtosha mpaka mchana. Kazi yake ilikuwa kuwaita wachezaji. Kila mji ambako msafara wa gofu ulipiga kambi, yeye ndiye aliyesimama kwenye shimo la kwanza na kutangaza nani anapiga sasa na ameshinda nini, kisha akanyamaza na watu wote wakanyamaza naye. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka. Angekusomea bei ya sabuni ukapiga makofi.

Kabla ya saa tatu alimwita mumewe, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Anayefuata," alisema, "ni Kobe."

Watu wakapiga makofi. Kobe akatoka nyuma ya hema, shati limemganda mgongoni kwa jasho, chumvi imemkaukia kwenye nyusi. Akamsalimia mwamuzi, akawapa mkono wenzake wawili wa kundi. Mkono wake haukuwa wa baridi, kama wanavyodhani watu wasiocheza gofu. Ulikuwa wa moto, kama sufuria uliyoisahau juu ya jiko. Wenzake walikwishazoea, na baada ya kumsalimia walifuta viganja kwenye suruali bila kujificha.

Kobe lilikuwa jina la utani, na alilipata kihalali. Kabla ya kupiga mpira aliuzunguka, akachuchumaa, akachungulia mteremko wa nyasi kwa jicho moja, akasimama, akafikiri, kisha akachuchumaa tena. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo; chai ilipoa mbele yake akiwa bado anaamua sukari. Lakini hakuna aliyewahi kumkuta amevunja sheria. Mpira ukitikisika kwa upepo naye yuko karibu, alimwita mwamuzi mwenyewe na kujishtaki.

Zamani msimu ulichezwa miezi ya ubaridi, umande ukiwa bado kwenye nyasi na watu wakivaa sweta. Halafu wakaja watu wa televisheni. Walisema, kwa adabu sana, kwamba miezi ile watazamaji wote wako kwenye mpira wa miguu, na kwamba jua kali hupendeza kwenye picha. Kamati ikasogeza ratiba nzima mpaka miezi ambayo mbwa hawatoki uvunguni. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya saa, kwamba mchezaji akishafika kwenye mpira wake mwamuzi anabonyeza saa, na ikilia kabla hajapiga, anaongezewa pigo moja la adhabu. Miti ya shimo la kumi na tano ikakatwa kwa sababu ilizuia kamera.

Hapo hapo kwenye shimo la kumi na tano ndipo Kobe alipoomba akae kidogo. Mwamuzi alimuuliza kama anajitoa. Kobe akasema hapana, hajitoi, ila anaomba akae. Mwamuzi akamwambia, kwa masikitiko, kwamba kukaa hakumo kwenye sheria. Kobe akasema haya, akashika fimbo, akauzunguka mpira wake mara moja, akaanguka. Saa ikalia. Pigo la adhabu likaandikwa, na mpaka leo halijafutwa.

Basi yakaja mashindano yaliyofuata, na ratiba ilipoletwa hemani jina la Kobe lilikuwemo. Sheria ilisema mchezaji huondolewa kwa ombi lake mwenyewe, na Kobe hakuwa ameomba. Mama Sauti, akiwa bado kwenye nguo za msiba, akalisoma kwa sababu ndiyo kazi yake, na mumewe akatoka nyuma ya hema.

Tangu hapo alikuja kila mashindano. Alicheza vizuri tu, akafika shimo la kumi na tano jua likiwa katikati, akaangukia palepale. Ambulensi ilipofika hatimaye, maana ilikuwa ikiegeshwa mbali, chini ya jukwaa la televisheni ambako kulikuwa na kivuli, ilikuta nyasi zilizolala na mdogo wake Kobe amesimama na mfuko wa fimbo begani. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa akimbebea kaka yake mfuko enzi za uhai, na hakuona sababu ya kuacha. Kamati nayo ilijirekebisha. Iliruhusu kundi la nyuma lipite Kobe akianguka, na ikafafanua kwamba anapoanguka saa haisimamishwi.

Mama Sauti alipata naye dakika chache pale shimo la kwanza, kundi la mbele likiwa bado halijasogea. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Umekula?" Kobe aliuliza.

"Nimekunywa chai."

"Chai tu? Na hilo jua?"

"Wewe ndiye wa kunifundisha mambo ya jua?"

Kobe alitabasamu. "Mlango wa bafu umeshatengenezwa?"

"Nimemwambia mdogo wako. Si unamjua."

Shemeji, aliyekuwa amesimama hapo hapo akipangusa fimbo, alijifanya hasikii.

"Leo nitamaliza," Kobe alisema, kama alivyosema kila mara. "Nikimaliza nitapumzika. Siwezi kulala, mke wangu, na mashimo manne ya mwisho yananisubiri. Ni sawa na kulala huku umeacha jiko linawaka."

Hilo ndilo alilolitaka Mama Sauti kuliko kitu chochote: mumewe amalize, alale. Mwisho wa msimu alirudi nyumbani ambako Kobe hakuwahi kuja, akakaa na ule mlango wa bafu usiofunga, akisubiri ratiba mpya. Ilipotoka aliisoma kwa hamu na kwa hofu. Hamu kwa sababu angemwona, hofu kwa sababu kila mji ulioandikwa mle ulikuwa mji ambamo mumewe angefia.

Katikati ya msimu wa pili yakatokea mawingu. Hayakuwa ya mvua. Yalikuja tu na kukaa juu ya uwanja, watu wa televisheni wakalalamika. Mama Sauti alikuwa akimtangaza mchezaji mwingine aliposikia shemeji yake anakuja mbio, mfuko ukimpigapiga mgongoni.

"Shemeji! Amepita!"

"Amepita wapi?"

"La kumi na tano! Kapita kama hakuna kitu. Njoo uone!"

Mama Sauti akaweka kipaza sauti juu ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwacha mchezaji wa watu katikati ya sifa zake, akakimbia. Alimkuta mumewe kwenye shimo la kumi na sita, amechuchumaa, jicho moja limefumbwa, anachungulia mteremko. Shati lilikuwa limeanza kumkaukia. Alipomwona mkewe alicheka, cheko lile la nyumbani, na Mama Sauti akajikuta naye anacheka, mkono umeziba mdomo. Kisha mawingu yakasogea. Jua likapiga pale nyasini, na Kobe akaweka fimbo chini polepole kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, naye akalala kando yake.

Basi sasa Mama Sauti alijua kinachomzuia mumewe. Wiki ile ile akaenda ofisi ya kamati.

Ofisi ilikuwa na mashine ya kupoza hewa, na katibu alikuwa amevaa sweta. Ilikuwa sweta ya msafara, ile waliyogawiwa wachezaji zamani msimu ulipokuwa wa ubaridi. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akaagiza chai ya moto, akampa pole upya ingawa alikwishampa.

"Nawaomba mrudishe msimu kwenye ubaridi," Mama Sauti alisema. "Kama haiwezekani, basi mashindano ya mwisho tu. Akipata siku moja ya ubaridi anamaliza. Wote mliona."

"Tunamheshimu sana Kobe," mwenyekiti alisema. "Hakuna mchezaji anayefika kwa wakati kama yeye."

"Basi mpeni ubaridi."

"Mama, ubaridi si wetu. Ubaridi tumewaachia mpira wa miguu."

"Na hawa walio hai je? Juzi wawili wametapika. Yule kijana mrefu alikuwa anaongea na bendera."

"Lakini walimaliza," katibu alisema.

Mwenyekiti alikoroga chai yake kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu, na sauti ya kubembeleza. "Hebu tuliangalie vizuri," alisema. "Shida yako hasa ni kwamba hamalizi. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na anafika la kumi na nne bila matatizo?"

Mama Sauti akasukuma kikombe pembeni. Alikwishaona wanakoelekea.

Sheria ikapitishwa kabla chai haijapoa. Kwa mchezaji aliyefariki, raundi itakuwa mashimo kumi na manne. Ili waamuzi wasichanganye, mchezaji wa namna hiyo atavaa kofia nyeupe. Katibu akamsindikiza Mama Sauti mlangoni, akamwambia wameliangalia kibinadamu.

Kwenye mashindano yaliyofuata sheria ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya hema. Kobe aliisoma, akaizungukia upande wa pili kana kwamba ina mteremko, akarudi akaisoma tena. Kofia nyeupe ilikuwa ikimsubiri kwenye msumari.

"Usikubali," Mama Sauti alimwambia. Kiganja chake kilikuwa kimebana kipaza sauti mpaka vidole vinauma. "Raundi ni mashimo kumi na manane. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Sasa ni kumi na manne."

"Wameichezea sheria, baba. Wameichezea ili wasihangaike."

"Zote huchezewa," Kobe alisema. "Zikishabandikwa zinakuwa sheria." Akaivaa kofia, akaiweka sawa. "Ila la kumi na sita nililiona, eti. Ni zuri sana. Mteremko wake unakudanganya kushoto."

"Kobe."

"Mwambie mdogo wangu ni bawaba ya juu. Abadilishe hiyo tu, mlango utafunga."

Akapiga mpira wake. Ulikwenda mbali na ukanyooka.

Kwenye shimo la kumi na nne alimaliza kwa pigo fupi, akavua kofia, akawapa wenzake mkono, akamkabidhi mdogo wake fimbo. Mdogo mtu alieleza baadaye kwamba kaka yake alisimama akiangalia ule mwinuko mtupu wa shimo la kumi na tano, kama fundi anayeiangalia nyumba aliyoambiwa aache kuijenga, kisha akasema "haya", na hakuwepo tena. Kofia ilibaki juu ya bendera. Televisheni ilikuwa kwenye matangazo ya biashara.

Mama Sauti aliletewa habari kwa redio ya mkononi. Akawasha kipaza sauti. "Kobe amemaliza," alisema, na watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alitaka iwavunjikie masikioni, ikawatokea nzito na tamu kama siku zote. Alikaa kitini akalia bila kujificha, huku kundi linalofuata likijinyoosha mikono, wakimsubiri kwa adabu.

Kobe hakurudi tena. Shemeji alibadilisha bawaba ya juu na mlango wa bafu ukafunga. Mama Sauti aliuchukia mlango ule. Aliuacha wazi makusudi, na aliyepita akiufunga, yeye aliinuka akaufungua.

Ratiba ya msimu mpya ilitoka kwa wakati. Walikuwa wameongeza mashindano mengine mawili katika mwezi wa joto zaidi, na saa ya mwamuzi ilikuwa imefupishwa kidogo. Siku ya kwanza Mama Sauti alifika mapema, akafuta kipaza sauti, akavuta kiti chake mpaka penye kivuli. Hemani kulikuwa na boksi kubwa. Alilifungua akidhani ni chupa za maji. Lilikuwa limejaa kofia nyeupe, mpya, zimepangwa kwa saizi, ndogo juu na kubwa chini.

Katibu alikuwa akipita nje na sweta yake begani.

"Hizi za nani?" Mama Sauti alimuuliza. "Kobe si alishamaliza?"

"Ni za akiba tu, mama. Kiwandani hawauzi moja moja," katibu alisema. "Halafu msimu wenyewe si unauona ulivyo mrefu."

Akaenda zake. Shemeji, ambaye msimu huu alikuwa amepata kumbebea mfuko yule kijana mrefu, aliinama akachagua kofia moja, akaipachika kichwani, akageuka kwa mke wa kaka yake ili acheke. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka, na hata saa tatu haijafika.

"Imenikaa?" alimuuliza.

Ilikuwa imemkaa barabara. Mama Sauti akanyoosha mkono, akamvua, akairudisha ndani ya boksi, chini kabisa, chini ya zile kubwa. Akafunga boksi, akakalia kifuniko chake. Nje kijana mrefu alikuwa amesimama tayari juani, na mwamuzi ameshika saa. Mama Sauti akawasha kipaza sauti.

"Anayefuata," alisema, akanyamaza, na watu wote wakanyamaza naye.