Mkono Uliotangulia

Vumbi lilikuwa likielea ndani ya mwanga wa dirisha, juu ya meza yako, mke wangu, na hakuna aliyelitazama ila mimi. Lilipanda, likashuka, likapanda tena, kama kitu kisicho na haraka wala pa kwenda. Chini yake ulikaa wewe, viwiko mezani, mashavu ndani ya viganja, ukizitazama kete za sataranji zilizobaki ubaoni, nazo zilikuwa chache.

Umechoka. Naujua uchovu wako kama ninavyokijua chuma kilichokaribia kukatika: hakipigi kelele, kinazidi kunyamaza. Bega la kulia linashuka. Macho yanabaki wazi lakini kope zinafunga taratibu, moja inatangulia nyingine. Nyumbani ningezima redio nikakuambia ukalale. Hapa nimesimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine, na nyuma ya kamba hata chafya mtu anaimeza.

Umechoka, mke wangu, na bado nusu pointi.

Kuna timu ya wanawake na kuna timu kuu. Timu kuu haijaandikwa popote kwamba ni ya wanaume. Ni mazoea tu, kama kiti cha mbele kwenye gari la familia. Ina viti vitano. Vinne vimeshapata wenyewe. Cha tano ni chako au ni cha huyu daktari wa meno aliyekaa mbele yako, mtu mpole, mwenye sauti ya kuliomba radhi jino kabla ya kuling'oa. Yeye lazima ashinde. Wewe sare inakutosha. Sare moja, nusu pointi, na kwa mara ya kwanza mwanamke ataketi pale.

Mwenyekiti wa chama alikufuata mlangoni asubuhi, tumbo mbele, yeye nyuma. "Mama, unajitesa bure. Kule kwa wanawake kikombe ni chako hata ukicheza umelala."

"Nikitaka kulala nina kitanda," ukamjibu.

Mwenyekiti hawajui wanawake anaowasema. Mimi nawajua, nimesimama nyuma ya kamba zao pia. Yule muuguzi anayecheza harakaharaka kama anayedunga sindano, ukishtuka ameshamaliza. Yule mshona nguo anayekubana pole pole, pindo kwa pindo, mpaka shingo inakosa pa kupumulia. Wanaume huja kucheza na mwanamke. Wanawake wale huja kukutoa kwenye kiti wakae wao. Wamekufunga, umewafunga, mkatoka pamoja mkitafuta maji, hamna hata mate ya kugombana. Vikombe ulivyopata kwao ninavyo karakana kwangu. Kimoja kina misumari, kingine kina vijiti vya kuchomelea. Uliviona, ukasema afadhali vimepata kazi.

Na wanaume? Wanaume wakifungwa na wewe huugua ghafla. Mmoja kichwa, mmoja tumbo, mmoja alikula vibaya jana. Mmoja alisema kiti kilikuwa kinayumba. Nilikwenda kukikagua kile kiti, mimi fundi wa vyuma. Kilikuwa kimesimama imara kuliko mwenyewe.

Kazini kwangu wanapenda kunichokoza. "Fundi, shemeji anawafunga wanaume huko nje. Wewe nyumbani unafungwa mara ngapi?"

"Kila siku," nawaambia. "Na chakula napewa. Wewe wako anakupa?"

Tunacheka, cheche zinaruka, tunaendelea na geti la mtu. Lakini nikifika nyumbani nakukuta umekaa mbele ya ubao, kanga begani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na sina tena kicheko.

Maana umechoka, mke wangu, na uchovu wako una anwani. Tajiri wa kiwanda cha mikate alikupa ruhusa ya mchana, si ya alfajiri. Kwa hiyo wenzako wiki hii nzima wanaamka wakijinyoosha, wanapitia michezo ya zamani ya wapinzani wao, wanakunywa kahawa kwa nafasi. Wewe unakanda. Unakata, unapima, unapanga kwenye trei, unaingiza kwenye oveni, unatoa. Ndipo unaoga, unavaa viatu vya heshima, unakuja kukaa mbele ya mtu aliyelala usiku kucha. Unga bado uko kwenye mstari wa kucha zako. Mikono yako imeshabeba siku nzima kabla siku haijaanza.

Mimi shule niliishia darasa la sita. Mchezo huu nimefundishwa na wewe, mezani kwetu, baada ya kuondoa sahani. Kwa hiyo nitaueleza kwa lugha yangu.

Yeye alikuwa na mfalme, ngome, na askari mmoja anayetaka kufika mwisho wa ubao ageuke malkia. Wewe ulikuwa na mfalme na ngome, basi. Mfalme wako alikaa mbele ya yule askari kama mtu aliyekaa mlangoni kwake akakataa kuhama. Ngome yako ilikuwa ikitembea kwenye mstari mmoja, kushoto, kulia, ikimzuia mfalme wake asiingie. Anayejua hafungwi hapo. Wewe unajua. Nyumbani ulinipa mimi upande wenye askari ukaniambia nijaribu kukufunga, nikajaribu mpaka chai ikapoa.

Daktari akamsogeza askari wake hatua moja. Nikashusha pumzi. Nilijua jibu, hata mimi: ngome ishuke mbali, mpaka ukingo wa pili, ianze kumchapa mfalme wake kwa nyuma, kumtishia mpaka akose pa kukaa. Ngome kwanza. Mfalme baadaye.

Mkono wako ukanyanyuka. Ukaenda kwa mfalme.

Vidole viwili vikamshika kichwani. Hukumnyanyua. Ulimshika tu, ukaganda, na mimi nyuma ya kamba nikaganda na wewe.

Sheria hii hata watoto wanaijua: ukiishika kete yako, ndiyo hiyo utakayoicheza. Hakuna samahani, hakuna nilidhani. Na najua kilichotokea, kwa sababu umeniambia huwapata wachezaji wazuri, si wabovu. Ulikuwa umeshapanga yote kichwani: ngome, kisha mfalme. Umeyapitia mara nyingi mno hata ile hatua ya kwanza ukaiona imekwisha kuchezwa. Mkono ukaanza na ya pili. Akili imesimama hapa, mkono umeshatangulia mbele kama punda anayeijua njia ya nyumbani.

Mwamuzi alikuwa pembe ya mbali, ameinamia saa iliyogoma. Mezani mlikuwa wawili tu mlioona, na mimi wa tatu, mume wako, nisiye na kauli.

"Toa mkono, dada," daktari akanong'ona. "Mimi sijaona kitu."

"Umeona."

"Umechoka. Sote tunajua unatokea kazini. Cheza ulichotaka kucheza."

Hakuwa anakudharau. Niseme haki yake: kile kiti alikitaka yeye pia, na alikuwa tayari kukiachia kwa sababu ya adabu tu. Nikasema moyoni, toa! Toa mkono, mwanamke, chukua nusu pointi yako twende nyumbani! Mimi ningetoa. Ningesema asante, na kitandani ningekoroma.

Ukamtazama. Vidole bado viko kwenye kichwa cha mfalme.

"Jana, mlipocheza, yule mwalimu alishika farasi wake kwa makosa. Ulimwambia atoe mkono?"

Daktari akauangalia ubao.

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Haya basi."

Ukamwinua mfalme. Kulikuwa na pande mbili za kumpeleka: upande mmoja mfupi, karibu na kona, na upande mwingine mrefu, wenye nafasi. Ukampeleka kwenye nafasi. Mtu aliyechoka hukimbilia penye nafasi, na mimi ningefanya hivyohivyo. Ukabonyeza saa, zamu ikawa yake. Sauti ya saa ilikuwa ndogo, kama kifungo kinachokatika.

Kisha kikaja kile kipande kirefu ambacho hakina cha kusimuliwa. Mfalme wake akaingia. Ngome yako ikatafuta pa kumchapia, ikakuta mfalme wako mwenyewe amekaa njiani. Askari akatembea. Hakukimbia, alitembea, kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Ulitafuta. Ulitafuta mpaka shingo yako ikawa na mishipa. Ulitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku mlango anaona umeshafungwa.

Umechoka, mke wangu. Umechoka, na hukuiba.

Ukasimamisha saa, ukanyoosha mkono.

"Pole, dada."

"Hongera. Ucheze vizuri huko uendako."

Mwenyekiti alikuwa ameshafika karibu na kamba. "Si nilisema?" akaanza. Nikamgeukia nikamtazama. Akakumbuka ana simu ya kupiga.

Nikapita chini ya kamba, maana sasa inaruhusiwa, nikachukua mkoba wako na sweta. Nilikuwa na maneno tayari, ya kijinga, yale ya mwakani na ya Mungu anajua. Ukawa unazikusanya kete, moja moja.

Sasa, wachezaji wana desturi yao. Mchezo ukiisha wawili hubaki mezani, huzipanga kete upya, wakaanza kutafuta pale ulipovunjikia. Ndio mchezo wa pili, usio na saa wala pointi, na wengi huupenda kuliko wa kwanza. Wewe huupata kwa wanawake wenzako. Yule mshona nguo mkianza hamnyanyuki. Kwa wanaume hujaupata. Ukiwafunga, wanaondoka. Wakikufunga, wanakupa somo wakiwa wamesimama, koti begani, funguo za gari zikilia mkononi.

Daktari wa meno hakusimama.

"Kaa kidogo," akasema. "Hapa nimeshinda, lakini sijui kama nilipaswa kushinda."

Nikataka kumwambia tuna basi la kuwahi. Wewe ulikuwa umeshakaa. Ukazirudisha kete mahali pake: ngome, ngome, mfalme wake, askari, mfalme wako. Ukamshika kichwani, palepale, vidole vilevile. Kisha ukamsukuma upande mfupi, karibu na kona.

"Huku," ukasema. "Ningemleta huku."

"Huko? Si unajifungia?"

"Ninajibana mimi. Ngome ndiyo inapata uwanja. Haya, nifunge."

Akajaribu. Ngome yako ikaja kutoka mbali, ubao mzima ulikuwa wake, ikamchapa mfalme wake kwa ubavu, ikamchapa tena, akakosa pa kujificha. Akarudisha kete, akajaribu njia nyingine. Ukamzuia. Yule mwalimu wa farasi akasogea, mikono nyuma.

"Hebu mimi."

"Karibu."

Ukamzuia na yeye. Akavuta kiti. Wa tatu akaja, wa nne, wale wa viti vyao vya timu kuu, mmoja akasema "ngojeni, ngojeni, kuna hatua hapa," na hatua haikuwepo. Yule wa kiti kinachoyumba alikuja pia, alisimama. Hakuna aliyekufundisha. Walikuwa wanauliza. "Na nikija hivi, dada?" "Na nikimkinga?" Nawe ukijibu kwa mkono, bila maneno, kete juu, kete chini, unga kwenye kucha, na kila mara jibu likawa sare, sare, sare.

Haihesabiki. Nalijua hilo, sihitaji kuambiwa. Kiti kimekwenda, alfajiri oveni inakungoja. Nilisimama na mkoba begani kama mbeba mizigo aliyesahauliwa na mwenye mzigo.

Mfagizi wa ukumbi alianza upande wa pili, safu kwa safu, akipandisha viti juu ya meza. "Jamani, nafunga!" Fagio lake lilipofika karibu, vumbi lote la siku likaamka, likaingia kwenye mwanga mwekundu wa mwisho wa dirisha, likawa zito, likawa kama pazia. Daktari akakohoa, hakuinua kichwa. Wewe hukuinua kichwa.

Nikauweka mkoba chini. Vumbi likatua: juu ya ubao, juu ya nywele zako, juu ya makoti na mabega ya wale wanaume walioinama, na hakuna hata mmoja wenu aliyejipangusa.