Shikamoo ya Mzee Jastin

Ndege za kwenye mtambo wa mazoezi wa chuo haziui mtu, lakini Hildegardi alikuwa ameshazigonganisha mara mbili. Akikosea tena leo, kesho anapanda basi kurudi kwao Ukata, wilayani Mbinga, ambako baba yake alishawatangazia wanajumuiya wote kwamba binti anakwenda kuongoza ndege.

Kosa lenyewe lilikuwa adabu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndege za kwenye kioo cha mtambo ziliendeshwa na Mzee Jastin, mstaafu kutoka Mbaha, aliyekaa chumba cha pili akijibu kwenye redio kama rubani. Kila Hildegardi aliposikia ile sauti nzito, ya kizee, shikamoo ilimjaa mdomoni. Siku ya kwanza aliitamka, darasa likaangua kicheko. Tangu hapo akawa anaimeza, ila kuimeza nako kulichukua muda, na mtambo haukumsubiri mtu. Ndege zilikwenda kwa mwendo uleule wa zile za kweli, ambazo nazo zilizidi kujaa angani tangu kampuni binafsi ziruhusiwe.

"Wewe unaomba," mkufunzi, Bi Dorothy, alimwambia. "Hapa tunaamuru."

Wakati wa chai, kabla ya jaribio la mwisho, Mzee Jastin akamsogelea na kikombe chake.

"Mwanangu, kule kwenu milimani, jiwe likiporomoka kumwelekea mzee aliye bondeni, huwa mnamwamkia kwanza?"

"Hapana, baba. Tunapiga kelele atoke!"

"Naye hukasirika?"

"Anatoka mbio."

Mzee akamaliza chai yake, akaenda zake.

Kwenye jaribio, ndege mbili zikaanza kuelekeana uso kwa uso, kimo kimoja. Sauti nzito ikaita. Shikamoo ikapanda kooni kama kawaida yake, lakini safari hii Hildegardi akaliona jiwe.

"Geuka kulia, sasa hivi!"

Ndege ikageuka. Zikapishana vizuri kabisa.

"Umefaulu," akasema Bi Dorothy.

Hildegardi akakimbilia chumba cha pili, machozi yakimtoka, akapiga goti. Hakuna aliyewahi kumpa kitu kikubwa kama lile swali la kwenye chai, na alitaka mzee alijue hilo.

"Shikamoo, baba. Asante. Asante sana."

"Marahaba, mwanangu. Ya leo imechelewa, ndiyo maana abiria wangu wote wamefika."