Chupa Iliyorudi Tupu

Katika mtaa wa Jadida, mjini Wete, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Sahani iliyokuja na samaki hurudi na maembe. Bakuli lililokuja na uji hurudi, kwa uchache, na ndimu. Kinachovunjika hulipwa kwa kinachofanana nacho. Kanuni hiyo haikupata kuandikwa popote, wala hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Hata katika miaka hii ya vyama vingi, ambapo watu waliozikiana wazazi walikataa kuitikiana salamu, vyombo viliendelea kupita baina ya nyua kama ilivyokuwa desturi.

Bi Mwanapili, mjane aliyeishi kwa kudarizi kofia, aliazima chupa ya chai kwa jirani yake, Bi Shariffa, kwa ajili ya khitma ya mumewe. Ilikuwa chupa ya buluu yenye mawaridi, ambayo marehemu kaka yake Bi Shariffa aliileta kutoka Maskati. Kabla haijarudishwa, ulikuja uchaguzi. Kisha uchaguzi ukarudiwa, na bendera mbili tofauti zikapandishwa juu ya mapaa mawili. Wanawake hao, walionyonyesheana watoto, hawakusalimiana tena. Chupa ilibaki kabatini kwa Bi Mwanapili. Siku aliyoishusha ili kuifuta vumbi, ilimponyoka, na kioo cha ndani kikasagika.

Mwezi wa Rajabu Bi Shariffa alishusha matofali nyuma ya nyumba yake, karibu na mlango mdogo unaounganisha nyua mbili. Ujumbe wake uliletwa na Hamdan, mwalimu wa skuli, mpwa wa Bi Mwanapili.

"Mama mkubwa, anasema chupa yake irudi kabla ya Ramadhani. Isiporudi, auziba mlango."

Katika mlango huo walipita watoto, maiti, mabibi harusi na kila sinia la futari tangu nyumba hizo zilipojengwa. Bi Mwanapili alivaa buibui lake, akaenda sokoni.

Maduka ya Wete hayakuwa na chupa ya namna ile, na ya Chake Chake pia hayakuwa nayo. Hamdan ndiye aliyeiona kwenye simu, katika duka la mtandaoni la Dar es Salaam: ya buluu, yenye mawaridi. Bi Mwanapili aliuza kofia aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi, fedha zikatumwa, na baadaye Mjaka, wakala wa vifurushi karibu na soko, akamwita achukue mzigo wake uliovuka kwa meli.

Chupa iliyokuja ilikuwa ya kijani, na haikuwa na ua hata moja. Aidha, haikuhifadhi chai. Chai iliyotiwa ikichemka ilipoa kabla kifuniko hakijakazwa. Kilichohifadhiwa humo ni maneno. Bi Mwanapili aligundua hivyo alipotamka "Bismillahi" asubuhi huku chupa ikiwa wazi. Jioni alipoimimina, ilitoka "Bismillahi" yake, ya moto, ikamuunguza kidole. Alikipuliza, kisha akamweleza Hamdan kwamba bidhaa ina kasoro.

Hamdan alipiga simu huduma kwa wateja, na simu ikawekwa mezani, kando ya chupa.

"Karibu, mteja wetu mpendwa. Unaongea na Raniya. Nikusaidie nini?"

"Wajambo, mwanangu?"

"Sijambo. Nikusaidie nini?"

"Na wazee hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Naomba namba ya oda."

Hamdan aliitaja. Bi Mwanapili akaendelea: "Mie n'liagiza ya buluu, mmeniletea ya kijani. Na chai haiweki. Yaweka maneno."

"Pole kwa usumbufu, mama. Maneno yanakaa moto kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi hata jioni hayajapoa."

"Basi hiyo iko ndani ya kiwango," alisema Raniya. "Suala la rangi tutalishughulikia. Ombi lako limepokelewa."

Ombi hilo lilipokelewa mara nyingi. Kila aliyeshika simu aliomba radhi, akaahidi kulifikisha suala sehemu husika, na chupa iliyokuwa wazi mezani iliyameza yote. Ilipokuwa nzito, Bi Mwanapili aliimimina uani. "Pole kwa usumbufu" na "tunalifanyia kazi" zilitiririka zikitoa mvuke. Kuku walikuja mbio, wakadonoa, wakaondoka na njaa yao.

Hatimaye duka liliruhusu chupa irudishwe. Sharti lake lilikuwa kwamba irudi kama ilivyokuja, tupu, ndani ya boksi lake.

"Tupu?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Tupu. Ndivyo walivyosema."

"Kwani hao hawakuzaliwa na watu? Nikirudishe kitupu chombo cha wenyewe, wanisemeje?"

"Mama mkubwa, hao si jirani zako. Ni duka."

"Hata duka lina mlango, Hamdan."

Alifikiri kutia karafuu, lakini karafuu haitoki kisiwani bila kibali, naye hakutaka kuitwa mtu wa magendo katika umri wake. Halua ingenata. Mwishowe aliuinamia mdomo wa chupa, akasema kwa adabu: "Assalaamu alaykum. Ahsanteni kwa chombo chenu. Mola akuzidishieni riziki." Akakaza kifuniko.

Mjaka alilipima boksi kwa mikono. "Kuna kitu cha majimaji humu?"

"Mna salamu."

Mjaka alisoma orodha ya vitu vilivyokatazwa iliyobandikwa ukutani: petroli, risasi, samaki wabichi. Salamu hazikuwamo. Alibandika karatasi ya vitu vya kuvunjika, akaupokea mzigo.

Baada ya hapo Raniya alipiga simu mwenyewe.

"Mama, bidhaa imekutwa na kitu ndani. Hiyo inahesabika imetumika. Fedha hazitarudi, na nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako."

"Mliitikia?"

"Kuitikia nini, mama?"

"Salamu yangu."

"Tuliimwaga, mama. Ni lazima tukague."

Chupa ikarudi Jadida. Bi Mwanapili aliifungua mbele ya Mjaka, akaipindua, akaitikisa. Haikutoka hata pole. Habari hiyo ilienea mtaani kabla ya adhuhuri, na walioisikia walishika vichwa. Kwamba chupa inahifadhi maneno, hilo halikumshughulisha mtu. Kilichowakera ni kwamba ilirudi tupu. Wazee wa vyama vyote viwili walikubaliana kwamba huo ulikuwa utovu wa adabu, na lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu uchaguzi.

Bi Mwanapili alilipa nauli ya kwenda na ya kurudi, akaenda nyumbani.

Alasiri ya mwisho ya Shaabani, fundi Ngwali alianza kukoroga saruji nyuma ya nyumba ya Bi Shariffa. Kwa upande wa pili wa mlango, Bi Mwanapili aliketi juu ya mbuzi wa kukunia nazi akaipakata chupa. Alitia humo salamu za kila asubuhi alizokuwa amezizuia tangu uchaguzi. Alitia pole ya mjukuu aliyelazwa, na hongera ya harusi ambayo hakuihudhuria. Mwisho alitia maneno haya: "Chupa yako n'liivunja mie." Kisha akapita mlangoni, akaiweka juu ya matofali.

Bi Shariffa aliitazama. "Hii si yangu."

"Si yako. Ila haikuja tupu."

"Yangu iliweka chai."

"Hii haiweki."

Bi Shariffa alimimina kikombeni, akanywa polepole hadi mwisho, akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Mvuke ulikuwa mkali.

"Ya moto," alisema. "Chai n'tachemsha tena. Ngwali, hebu kapumzike."

"Na saruji, Bi Shariffa? Itaganda."

"Iache igande."

Saruji iliganda ndani ya karai, na Ngwali alilipwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Matofali hayakujengwa, wala hayakuondolewa. Duka la mtandaoni halikurudisha kitu. Lilituma ujumbe likimwomba mteja wake mpendwa aeleze kwa nyota jinsi alivyoridhika na huduma. Bendera mbili zilibaki juu ya mapaa mawili, na wanawake hao walipokutana barabarani, ambako watu walikuwa wakitazama, walipishana kimya kama awali.

Lakini salamu ni deni mpaka iitikiwe. Magharibi ya kwanza ya Ramadhani, chupa ya kijani ilipitishwa mlangoni, nzito. Bi Mwanapili alifungua kifuniko, akamimina. "Wa alaykumu salaam" ilitoka, ikafuatiwa na nyingine, na nyingine, moja kwa kila asubuhi, zote za moto. Alizingoja hadi ya mwisho, akaipangusa chupa, akaitia kabatini. Deni lilikuwa limelipwa.