Mpira Chini ya Kabureta

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi pikapu iliwaka, ikanguruma sekunde saba, ikazima.

Binti alizihesabu. Kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara ya hospitali, na huko alikuwa amezoea kutosema lolote kabla ya kipimo.

"Tena, Baba mdogo."

Baba yake mdogo, aliyekaa kwenye usukani na koti lake jeusi, alizungusha ufunguo. Sekunde tano.

"Daktari, mgonjwa anasemaje?"

"Bado hajapimwa."

"Basi mpime upesi. Watu wameshavaa."

Gari lilikuwa la marehemu baba yake Binti. Alilitunza miaka ishirini na sita, na siku tatu kabla ya kufa alisema, mbele ya watu wanne, kwamba asibebwe na gari la kukodi. Chumba cha maiti kiliwataka saa mbili na nusu, na mwendo wa kufika huko ni nusu saa. Kutoka hospitali hadi makaburini gari lingefuata waombolezaji waendao kwa miguu, polepole, mguu ukiwa umeachia pedali ya mafuta. Gari la kuzima kila baada ya hatua kumi lisingefaa kubeba jeneza. Kwa hiyo kikomo kilikuwa saa mbili kamili. Likishindwa, kaka yake mkubwa angempigia simu mwenye gari la kukodi. Simu alikuwa nayo mkononi tayari.

Mama yao alikuwa amekaa kwenye kibao mlangoni, kanga begani.

"Huyo mke mwenzangu," alisema, akiielekezea pikapu kidevu. "Miaka yote hiyo hakumwitikia mtu mwingine ila baba yenu. Leo mnadhani atamwitikia nani?"

"Shemeji, huyu hana uchungu wowote," baba mdogo akajibu. "Anadeka tu."

Binti alifungua boneti. Upande wa ndani baba yake alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: *Skrubu, moja na nusu.* Yeye ndiye aliyemfundisha kugusa kitu kimoja, kukirudisha kilivyokuwa, ndipo aguse kingine. Alianza na petroli: kwenye kioo cha kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, ilifika katikati, sawasawa. Choki ilipovutwa, kile kibati cha juu kilifunga koo la kabureta kama inavyotakiwa gari likiwa baridi. Plagi zote nne zilitoa cheche. Alikaza skrubu ya kabureta huku akihesabu mizunguko: mmoja na nusu. Akairudisha palepale. Saa moja na dakika tano.

"Injini yenyewe safi," kaka yake alisema. "Jana nimeisugua yote, mafuta ya taa na brashi. Nilitaka Baba abebwe na kitu safi."

Alikuwa amerudi nyumbani juzi, baada ya miaka tisa. Hapo uani kila mtu aliijua hesabu hiyo.

Binti alimtazama, kisha akaitazama injini. Kweli ilikuwa safi. Alikata kipande cha bomba la kumwagilia maji, urefu wa mkono, akaweka ncha moja sikioni.

"Baba mdogo, washa, kisha ukanyage mafuta kidogo. Usiachie."

"Nimekanyaga, mwanangu. Huu ndio mguu pekee uliobaki mzima katika ukoo huu."

Alipitisha ncha ya pili taratibu kuzunguka kabureta. Juu, kimya. Ubavuni, kimya. Chini, pale kabureta inapokalia injini, alisikia mfyonzo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Palikuwa na kichwa cha bomba dogo, wazi, upana wa penseli. Alikiziba kwa kidole gumba.

"Sasa achia mguu."

Injini ilitulia na kunguruma sawasawa. Alipoondoa kidole ilikohoa, ikazima. Alirudia mara tatu, na jibu likawa lilelile. Hewa ilikuwa ikiingia pasipotakiwa na kuipunguzia injini baridi petroli.

"Kaka, hapa palikuwa na nini?"

Kaka yake aliinama. "Uchafu tu. Mpira mkuukuu umezungushiwa waya. Nimeutupa." Akakitazama kile kichwa cha bomba. "Kwa hiyo ni mimi."

Binti angeweza kumwambia kwamba mpira ule ulikuwa umechakaa na ungeanguka wenyewe. Hakuwa na ushahidi wa hilo.

"Ni wewe," alisema. "Umeutupa wapi?"

"Kwenye debe la taka."

Saa moja na dakika ishirini na mbili kaka yake alipindua debe uani, akapiga magoti katika matambara na majivu kwa shati lake jeupe. Dakika kumi na moja baadaye mpira ulipatikana: kipande kifupi cha tyubu, kimekunjwa na kushonwa ncha moja, waya wake ungali umejikunja.

Mama aliomba auone. Aliugeuza mkononi.

"Huu baba yako aliukata kwenye baiskeli yako," alimwambia mwanawe. "Mwaka ule ulipoondoka. Nilimgombeza. Akaniambia, haina wa kuipanda."

Kaka alinyoosha mkono, akarudishiwa.

"Nifunge mimi?" aliuliza.

"Funga," dada yake akasema. "Kaza mpaka usizunguke. Usiukate."

Alizungusha waya mara tatu. Ilimchukua muda. Binti aliujaribu mpira kwa kucha. Haukuzunguka.

Saa moja na dakika arobaini na moja injini iliwaka. Baba mdogo alirudisha choki kidogo kidogo, akaondoa mguu. Binti aliitazama saa yake. Dakika moja. Mbili. Tano.

Baba mdogo alishuka, akamwachia kaka mlango wazi.

"Pole pole," alimwambia. "Na usiisafishe tena."

Kaka alitia simu mfukoni, akapanda. Mama alikaa katikati, binti dirishani.

Saa mbili kasoro dakika nane pikapu ilisimama langoni kuwapisha watoto wa shule. Haikuzima. Ikapita.