Nafasi Mbili Baada ya Nukta

Karani alisukuma karatasi chini ya kioo, akaikandamiza kwa kidole kimoja ili feni isiipeperushe.

"Hakikisha jina ni lako, kisha rudisha."

Jina lilikuwa lake. Mtaa wake, mstari wake wa nyumba, namba iliyopakwa rangi nyekundu mlangoni pake, vyote sawa. Mshonaji akateremka kwa macho mpaka safu ya mwisho, palipoandikwa Eneo kwa Hekta.

0.00.

Akasoma tena. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake, pumzi zake zikimlowesha shingo. Akashika ukingo wa dirisha.

"Samahani, kaka. Hapa nadhani pana kosa. Mpima aliipima nyumba mbele yangu, nikamshikia ncha ya utepe mimi mwenyewe. Mita nne na sentimita sitini, kwa mita kumi. Ni mita za mraba arobaini na sita."

"Arobaini na sita iko huku, kwenye daftari la mpima." Karani hakuinua macho. "Fomu haitaki mita. Fomu inataka hekta."

"Hekta moja ni mita za mraba elfu kumi." Ilimtoka kama anajibu swali la darasa la jioni, ambako kwa miaka miwili alikuwa akiingia na vipande vya uzi vimemng'ang'ania kwenye nguo. "Arobaini na sita ukigawa kwa elfu kumi unapata sifuri nukta sifuri sifuri nne sita. Ni kidogo, lakini si sifuri."

Sasa karani akamtazama.

"Kumbe mama umesoma."

"Kidogo tu."

"Basi hatutapotezeana muda. Fomu ina nafasi mbili baada ya nukta. Mbili. Nne yako na sita yako zinabaki nje. Ingekuwa tano ingepanda, ungeandikiwa moja. Nne inashuka."

"Inashuka wapi?"

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Yeye hakuwa akitania.

Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya kichwa cha karani, na alilijua kwa moyo. Mwenye eneo atapewa kiwanja kingine nyuma ya machimbo ya kokoto. Asiye na eneo aondoke kabla ya tingatinga kufika, Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano, na nyumbani alikuwa amemwacha mama mkwe, ambaye hasimami bila kuinuliwa na watu wawili.

Seremala, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa kando ya dirisha, karatasi yake ameshaikunja ndani ya mfuko wa shati.

"Mimi hamsini na mbili," alinong'ona. "Wameniandikia nukta sifuri moja. Yaani nimelala na mita hamsini na mbili, nimeamka na mia. Serikali ikitaka kukunenepesha haikuulizi umekula nini." Akaanza kucheka, akamwona uso, akaacha. "Shemeji, si nilikwambia uzibe kile kichochoro?"

Waliohamia kwanza katika mstari ule walikubaliana, bila karatasi, kila nyumba iache mita moja ubavuni ili mgonjwa apitishwe, na maiti pia. Kisha vichochoro vikazibwa kimoja kimoja, hiki banda la kuku, kile bafu, cha seremala karakana. Mama mkwe peke yake alikataa. Mwaka jana mke wa seremala alipofariki, jeneza lake lilipita kwenye kichochoro chao.

Labda seremala naye alilikumbuka hilo, maana alianza kuvikagua viatu vyake.

"Kaka," mshonaji alisema, "pale ubavuni pana mita moja zaidi, ni yetu. Ukiiongeza inakuwa hamsini na sita."

"Mpima ameandika njia ya umma."

"Tuliiacha wenyewe, watu wapite."

"Basi ni njia." Karani akaweka kalamu chini taratibu. "Au unataka niandike kwamba njia ya umma ni mali yako? Hilo lina jina lake, mama, na lina mahali pake pa kuandikiwa maelezo."

Mlangoni, askari aliondoa bega lake ukutani.

"Hapana, kaka. Sikusema hivyo." Maziwa yalimtoka ghafla, yakalowesha blauzi, na mtoto hakuwa hata amelia.

"Fomu ya pingamizi ipo. Ukiijaza, unatolewa kwenye orodha hii mpaka pingamizi lisikilizwe."

"Linasikilizwa lini?"

"Mwezi ujao." Karani akaigeukia mashine. "Mnaishi wangapi?"

"Watano. Mimi, mume wangu, mama yake, na watoto wawili. Mume wangu ni mlinzi, hakupewa ruhusa ya kuja."

Akabonyeza tano. Mashine ikalia. Akabonyeza tena, ikalia tena.

"Imekataa."

"Imekataa nini?"

"Watu watano kwenye hekta sifuri. Haigawanyiki."

Kweli haigawanyiki. Hata mwalimu wa jioni alisema namba haigawanywi kwa sifuri, na kwamba hakuna mkubwa wa kuibatilisha kanuni hiyo. Kitu kikamnyanyuka kifuani, chepesi, karibu kimuumize.

"Basi, kaka, si utairekebisha ile sifuri ya eneo? Mashine yenyewe imeona."

"Eneo ni la mpima, siruhusiwi kuligusa." Akafikiri kidogo, akikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu. "Watu ndio wangu."

Akafuta tano. Akabonyeza kitufe kimoja. Safari hii mashine haikulia.

Karatasi ilitoka ikiwa bado na joto. Eneo, 0.00. Wakazi, 0. Chini yake mstari, na maneno kwamba mhusika amesoma na kukubali.

"Dole gumba hapa."

"Najua kutia sahihi."

"Mtaa wenu wote ni dole gumba."

Akaupitisha mkono chini ya kioo, akamshika kidole, akakigandamiza kwenye wino, kisha akakisogeza juu ya karatasi na kukishikilia hapo.

"Usitetemeke, mama," alisema, kwa upole kabisa. "Alama ikitoka na ukungu, hawatajua ni nani."