Edisa Afika Kasese

Mji mzima wa Bwera ulijua mambo mawili kuhusu Edisa Biira: kwamba mikate yake haina mpinzani tangu Mpondwe hadi Kisinga, na kwamba hana nafasi. Ukimwalika arusini, hana nafasi. Ukimwita matangani atakuja, lakini hakai. Mkono mmoja wa rambirambi, mwingine kwenye simu. Hata kuugua aliugua kwa haraka, asubuhi homa, mchana yuko tanurini. Watu wakamsifu kwa bidii yake, sifa zikamlevya, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Nisiseme uongo, kazi ilikuwepo. Siku za soko la mpakani, Jumanne na Ijumaa, Wakongo walivuka mto Lubiriha na vikapu vitupu, wakarudi kwao Kasindi vikapu vimejaa mikate yake. Bekari ilikuwa na wafanyakazi watatu, na mkubwa wao ni Nobert, pande la mtu lenye utani mwingi. Lakini hamira hakuna aliyeigusa. Kila alfajiri Edisa alijifungia nyuma ya pazia, akachanganya hamira na vitu vyake, akatoka na beseni lililofunikwa. Shangazi yake aliyemfundisha kazi alimwambia, "Mtu akiuona mkono wako, mkate si wako tena," naye akalishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Kwa hiyo asipokuwepo Edisa, hakuna mkate. Kamba iliyomfunga aliisokota mwenyewe.

Aliyeumia ni Shallon, binti yake wa pekee, aliyekuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni mjini Kasese. Baba yake, Eriya, alikuwa dereva wa malori ya Juba, na nyumbani alionekana kwa nadra. Kila muhula shule ile ilikuwa na siku moja ya wazazi kuwatembelea watoto. Akina mama huja na kuku, wali na matoke, mikeka ikatandikwa uwanjani, watoto wakala mpaka wakalegea. Mara ya kwanza Edisa hakwenda kwa sababu unga ulichelewa kutoka Kampala. Mara ya pili Wakongo walikuwa na sikukuu. Shallon akala kwenye mkeka wa watu wengine, akisogezewa paja la kuku kwa huruma.

Likizo ilipofika binti hakununa wala hakulia. Alisema tu, huku akimenya ndizi, "Mama, usijisumbue muhula ujao. Nimeshamwambia matroni kwamba mimi sina mgeni."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Edisa alikwenda nyuma ya tanuri akalia kwa kwikwi hadi unga ukageuka uji mashavuni. Alijua kwamba akikosa mara ya tatu, mtoto hatangoja ya nne. Atakuwa amemzoea mama asiyekuja.

Jioni ile akaketi kwenye kigoda na kujiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza tangu afungue bekari: katika kazi zangu zote, ipi haifanywi na mwingine? Akakunjua vidole. Kukanda? Nobert anaweza. Kuchoma? Anaweza. Kupokea wateja, kupima unga, kufagia? Wanaweza wote. Hamira? Hapo alisita kitambo kirefu, maana kidole kile kilikuwa kizito kama jiwe, kisha akakikunja nacho. Kilichobaki kimoja tu: kwenda Kasese kuwa mama ya Shallon. Hiyo huwezi kumtuma mtu.

Basi akapanga, na alipoamua kupanga, alipanga kwelikweli. Wateja wa Jumamosi ya kutembelea watoto aliwaambia mapema wachukue mikate yao Ijumaa. Swaib, mwenye gari dogo jeupe, alilipwa kabla nauli ya Kasese ili asipate kisingizio. Kuku alichaguliwa angali hai. Na asubuhi moja Edisa akalivuta pazia, akamwita Nobert ndani.

Nobert aliingia kwa kunyata kama mtu aliyeitwa na padri sakristia. Akaona hamira, akaona chumvi, akaona chungu cha kabaragara, zile ndizi ndogo tamu, zimeiva hadi maganda meusi. Edisa akaziponda, akazitia katika hamira, akafunika.

"Ni hii tu?" Nobert akauliza.

"Ni hii, na kusubiri iumuke mara mbili."

"Mama, miaka yote hii nilifikiri iko na dawa ya Kongo!"

Mikate yake ya kwanza ilitoka migumu, ungeweza kujengea choo. Edisa nusura alirudishe pazia. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, akainama tena pamoja na Nobert, na tena, mpaka ikaumuka. Ijumaa mbili mfululizo soko zima lilikula mikate ya Nobert, na Edisa hakumwambia mtu neno.

Mteja mmoja tu alikataa kuchukua Ijumaa: Mama Kahindo wa Kasindi, mnunuzi mkubwa kuliko wote, aliyekuwa na arusi ya mpwa wake. "Nitakuja samedi, saa mbili," alisema. Edisa akahesabu: saa mbili namkabidhi mikate, mara moja naondoka.

Jumamosi ikafika. Saa mbili, beseni la kuku limo garini, Edisa kavaa gomesi lake la kijani, Mama Kahindo hayupo. Swaib akapiga honi. Nobert akasema, "Mama, enda. Mimi niko, nitamupa." Edisa akasema ngoja kidogo. Ugonjwa wa zamani hauponi kwa siku moja. Alitembea mlangoni, akarudi, akapiga simu isiyopatikana, akamlaani mwanamke wa watu kimoyomoyo.

Halafu akajipiga paji la uso. Kongo! Saa ya Kasindi iko nyuma ya saa ya Bwera kwa saa nzima. Siku za soko Wakongo hufuata saa ya Uganda, lakini leo si soko, na Mama Kahindo alikuwa ametaja saa ya kwao. Kazaliwa mpakani, kakulia mpakani, kapanga kila kitu hadi kifuniko cha beseni, akasahau kitu ambacho hata mbuzi wa Mpondwe wanakijua.

Saa tatu kamili Mama Kahindo akashuka kwenye pikipiki, hana wasiwasi wowote.

"Mama Shallon, jambo! Bageni ya arusi bameongezeka. Ile komande, unifanyie mara mbili. Nitangojea hapa mupaka ya jioni."

Oda kama ile haikuwahi kuingia bekarini. "Nobert atakufanyia," Edisa akasema.

"Hapana! Mimi nataka mikono yako. Hii si chakula ya kila siku, ni arusi. Mutu mwingine akikanda, naenda kwa mwingine."

Wafanyakazi wakaacha kazi. Swaib akaacha kupiga honi. Edisa aliiona mikate yote ya Kasindi ikimponyoka, na papo hapo akamwona Shallon, na akashangaa jinsi uamuzi ulivyokuwa mwepesi.

"Mama Kahindo, mukate ya Ijumaa iliyopita uliionaje?"

"Ile? Ile ilikuwa tamu kupita zote! Bantu bote balinisifia."

"Na ya Ijumaa ile ingine?"

"Pia!"

"Basi umpe Nobert asante. Zote alikanda yeye. Mimi sikugusa hata chumvi."

Mama Kahindo akamtazama Nobert, akaitazama ile mikono mipana kama makasia, akamega mkate uliokuwa mezani, akatafuna polepole. Kisha akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Kumbe wiki mbili munanilisha mukono ya mwanaume, na mimi nasifu! Ee Nobert, vaa aproni. Na wewe mama, unangoja nini? Enda kwa mutoto!"

Edisa hakuambiwa mara mbili. Swaib alikanyaga mafuta, vilima vikapita, Kikorongo ikapita, Muhokya ikapita, na simu aliizima mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, akaitupa chini ya kiti. Aliimba njia nzima, tena vibaya.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa mikeka. Matroni akapitia majina, akasema kwa upole, "Shallon alisema hana mgeni."

"Alisema kwa haki. Leo anaye."

Shallon aliitwa kutoka nyuma ya bweni alikokuwa akifua. Akatokea na povu hadi kwenye viwiko, akasimama mbali, kana kwamba akisogea mama atayeyuka.

"Nani anakanda leo?" akauliza.

"Nobert."

"Na hamira?"

"Nobert."

Mtoto aliyekua nje ya pazia lile alielewa uzito wa jibu hilo. Alikuja mbio na povu lake lote, gomesi la kijani likaloa kifuani, na Edisa akalia mbele ya watu bila aibu yoyote.

Wakala kuku. Wakasukana nywele. Wakasengenya walimu wote, mmoja baada ya mwingine. Jua likainama upande wa Rwenzori, kengele ikalia, mikeka ikakunjwa, magari yakaondoka, na Edisa bado kaketi anasimulia habari za Mama Kahindo kwa mara ya pili. Mlinzi wa lango, mwanajeshi mstaafu, akaja na fimbo yake.

"Wewe mama! Muda imekwisha! Toka, mbio!"

"Afande, kidogo tu."

"Hapana kidogo! Wazazi yote ishaenda. Umekuja nyuma ya wote, sasa unakataa kutoka?"

Wasichana walikuwa wamejaa barazani wakitazama. Edisa akafungua mdomo kujitetea, lakini Shallon alimtangulia. Alisimama, akamshika mama mkono, akapaza sauti ambayo bweni zima liliisikia.

"Afande, mwache. Huyu ni mama yangu."